Jino Zima la Fundi Ramazani

Sogeeni karibu, ninyi wa koti jeupe. Kila mmoja aweke vidole viwili mbele ya masikio yake, hapa, penye kashimo kadogo. Sasa fungueni kinywa. Fungeni. Mnasikia kitu kinacheza chini ya ngozi? Hiyo ndiyo bawaba ya taya. Miaka yangu yote katika chumba cha meno hapa Elisabethville, watu walikuja kwangu kulalamikia meno, na wengine wao meno yao hayakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa hapo hapo mlipoweka vidole. Mimi nilichelewa kulijua hilo, na kwa kuchelewa kwangu nusura mtu mmoja apasuliwe uso. Hakupasuliwa. Nawaambia mapema, ili msikae roho juu kama nilivyokaa mimi.

Jina langu Ilunga. Mapadri wa kwetu Kongolo walinifundisha Kiswahili cha kitabu, halafu mji huu ukanifundisha chake, ambamo daktari ni munganga na ndiyo ni njo. Nikivichanganya, nivumilieni, ni uzee. Bosi wangu alikuwa Mbelgiji mmoja mrefu, mwenye vidole vinene ambavyo hukutegemea viweze kazi ndogo. Watu walimwita Bwana Polepole, kwa sababu katika Kiswahili chote neno hilo ndilo alilolipenda. Kuosha vyombo, polepole. Kuchoma sindano, polepole. Hata mgonjwa akikimbia kitini, yeye alisimama mlangoni akiita: "Polepole, baba, polepole!" Asubuhi mbili kwa juma alikuwa kwetu dispensari ya weusi, siku nyingine alikuwa mjini kwa Wazungu wenzake. Siku hizo chumba kilikuwa changu, na mimi, Mungu anisamehe, nilijiona munganga kamili.

Tazameni kidole gumba hiki. Kovu hili ni la mchezo wa mpira. Mtu mmoja wa reli alipiga kelele timu yake ilipofunga bao, na kinywa kikabaki wazi. Aliletwa na umati mzima, mate yanamtiririka, macho yamemtoka, na njiani wenzake walikuwa wamempiga makofi mawili matatu kwa kudhani ni pepo. Bwana Polepole alimkalisha chini, kwenye kigoda, kichwa ukutani. Akazungushia vidole gumba vyake kitambaa kizito, akaviweka juu ya magego ya chini, akabonyeza kwenda chini, kisha akasukuma nyuma. Ko! Taya likarudi. Yule bwana akalia machozi, kisha akauliza mpira uliishaje.

Nikasema moyoni, kumbe kazi yenyewe ndiyo hii tu! Aliyefuata nilimrudishia mwenyewe, bila kitambaa. Taya likirudi linarudi na nguvu zake zote, na kidole changu kilikuwa bado ndani. Nilipiga ukelele uliomwamsha mlinzi wa lango. Basi, kitambaa kwanza. Na mgonjwa akienda nyumbani, mwambieni kila akipiga mwayo aweke ngumi chini ya kidevu, kinywa kisifunguke chote. Ngumi hiyo msiisahau, nitairudia.

Sasa nije kwa Fundi Ramazani. Alishona kwenye baraza ya duka moja la mtaani kwetu. Wazee wake walitoka Maniema, na yeye alikuwa mtu wa kofia safi, ndevu zilizochongwa, na maneno yasiyoisha. Suruali yangu ya ndoa alishona yeye. Siku aliyoingia chumbani kwangu alikuwa ameshika shavu la kushoto, na maneno yalikuwa machache.

"Ilunga, hii jino ya nyuma njo inaniluma," akasema. "Inaanza mu jino, inapanda mu sikio, inashuka mu shingo. Ng'oa."

"Ngoja Bwana Polepole, Fundi. Atakuya kesho kutwa."

"Ngoja ya nini? Bantu banasema mukono yako iko nyepesi kupita ya Muzungu."

Ee, hapo ndipo aliponimaliza! Nilimtazama kinywani haraka haraka, sikuona tundu, nikajiambia tundu litakuwa limejificha. Nikaling'oa. Lilitoka kwa shida, kama jino lolote lenye afya. Fundi akatema, akanipa mkono, akaenda. Nikabaki na jino kwenye kitambaa. Jeupe. Mizizi miwili mirefu, safi. Hakuna tundu, hakuna usaha, hakuna chochote.

Nilifanya nini? Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye aibu yangu. Nilichukua rejista, na pale pa kuandika sababu ya kung'oa nikaandika: limeoza mpaka mzizi. Mwandiko mzuri kabisa. Jino nikalitia kwenye kisanduku cha kibiriti, nikakitia mfukoni. Kwa nini sikulitupa, mpaka leo sijui.

Baada ya majuma mawili akarudi, safari hii na mke wake, Mama Zaina, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Mke ndiye aliyesema, maana kinywa cha mume kilifunguka upana wa kidole kimoja tu, na kikifunguka kilikwenda upande wa kushoto.

"Angalia bwana yangu!" akasema. "Anakunywa uji na kijiko ya chai. Suruali zake anazipunguza yeye mwenyewe, kila juma. Atapunguza mpaka wapi?"

Bwana Polepole alikuwepo siku hiyo. Alimpima, akatikisa kichwa, akamtuma hospitali kubwa pamoja na ukurasa wa rejista ulionakiliwa. Daktari wa kupasua akasoma maneno yangu: limeoza mpaka mzizi. Akafikiri kama ambavyo daktari yeyote mwenye akili angefikiri: uozo wa jino umeshuka kwenye bawaba, usaha umeshika mfupa, lazima kufungua. Akaandika karatasi ya kupasuliwa.

Fundi alikuja kunionyesha karatasi hiyo. Alichora kwa ukucha mstari mbele ya sikio lake. "Batanipasula hapa. Daktari amesema wazi, kuko mushipa ya uso inapita pale pale. Kama inakatika, uso yangu itaanguka upande moja, jicho halifunge tena. Ilunga, nani ataleta suruali yake kwa fundi asiyefunga jicho?" Alitaka kucheka, taya likamkatalia.

Siku mbili chakula hakikunishuka. Mke wangu alidhani nina homa. Kila nikitia mkono mfukoni nakutana na kile kisanduku. Nikisema, nafukuzwa kazi, na aibu ya mtaa mzima juu yake. Nisiposema, wanamkata mtu uso kwa ajili ya uongo wangu. Siku ya tatu nikaingia kwa Bwana Polepole, nikaweka kisanduku mezani, nikaeleza yote nimesimama wima.

Alitoa jino, akaenda nalo dirishani, akaligeuza, akaligeuza tena.

"Hii jino hapana mugonjwa," akasema.

"Hapana, Munganga."

"Na wewe naandika uwongo mu kitabu."

"Ndiyo, Munganga."

Akakaa. Nikangoja neno la kufukuzwa. Akavua miwani, akafuta, akasema kwa sauti ya chini: "Mimi, kule Ulaya, nangoa tatu. Yote muzuri. Ya mama ya madamu."

Mama mkwe wake! Meno matatu mazima ya mama mkwe wake! Sikujua kama naruhusiwa kucheka. Nilitazama dari mpaka machozi yakanitoka, na hata leo sijui yalikuwa ya kicheko au ya kitu kingine. Hakunifukuza. Lakini alinipa adhabu tatu. Kwanza, niisahihishe rejista kwa mkono wangu na jina langu chini yake. Pili, niipeleke barua yake kwa daktari wa kupasua mwenyewe, kwa miguu. Tatu, nikamwambie Fundi.

Ya kwanza na ya pili zilikuwa rahisi. Daktari alisoma, akanitazama kwa muda ambao sikuupenda, kisha akasema atangoja mpaka mvua ziishe. Mvua zikiisha na kinywa hakifunguki vidole vitatu, atapasua.

Ya tatu nilizunguka mtaa mara nne kabla ya kupanda ile baraza. Fundi alikuwa anashona. Nikasema. Mguu wake ukasimama juu ya mashini.

"Jino yangu ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima, Fundi."

"Na weye ulijua siku ile ile?"

"Nilijua."

Akageuza uso kwenye mashini, akasema: "Siku kinywa itafunguka, njo tutasemezana. Sasa toka mbele ya mwangaza, sioni sindano."

Ndipo ilipoanza tiba, na tiba hiyo haina kisu. Kitambaa cha maji moto shavuni, asubuhi na jioni, mpaka nyama ya taya ilegee. Chakula laini: bukari, yaani ugali, laini, sombe ya majani ya muhogo iliyopondwa sana, samaki asiye na miba, nyama ngumu na mahindi ya kuchoma, marufuku. Mwayo, ngumi chini ya kidevu. Ncha ya ulimi juu kwenye kaakaa, kisha kufungua kinywa kidogo kidogo mbele ya kioo, kiende sawa, kisikimbilie kushoto. Na kubwa kuliko yote, jambo ambalo watu huliona la upuuzi: midomo ifungwe, meno yaachane. Jipimeni sasa hivi. Wangapi kati yenu meno yanagusana bila sababu? Haya, yaachanisheni.

Tena kulikuwa na kibao cha mpira cha kuvaa usiku juu ya meno, ili taya lipumzike. Siku hizi mnatengeneza kwa resini, safi, haina harufu, nawaonea wivu. Sisi tulikuwa tunapika mpira kwa unga wa salfa ndani ya sufuria ya chuma yenye skrubu. Harufu yake! Wagonjwa waliokuwa wakingoja nje walisema ndani kuna maiti. Na kabla ya kupika ulihitaji kupiga chapa ya meno kwa plasta, na kijiko cha plasta hakiingii kwenye kinywa cha kidole kimoja. Mara ya kwanza nililazimisha. Fundi akanishika mkono na kunitazama, nikakumbuka mkono huu umeshafanya nini. Tukaongeza majuma mawili ya maji moto, kijiko kikaingia chenyewe.

Tukafika vidole viwili. Mimi nikaanza kula vizuri. Halafu tukakwama. Jumamosi asubuhi, vidole viwili. Jumatano, kimoja na nusu. Ijumaa asubuhi, kimoja. Jumamosi tena, viwili. Bwana Polepole alikuna kichwa mpaka nikaogopea nywele zake chache. Akanisaili mimi, akamsaili Fundi: anakula nyama kwa siri? Fundi akaapa. Na mvua zilianza kuchoka. Zilikuwa zinakuja mara moja kwa siku, kisha mara moja kwa siku mbili. Nilikuwa naamka asubuhi natazama mawingu kama mkulima.

Siku moja nilikwenda kwao kuangalia kile kibao kama kinabana. Fundi alikuwa bado msikitini. Mama Zaina alikuwa anachambua mchele, akaguna: "Heri mwezi ya kufunga ingekuya sasa. Kila mwaka, mwezi ile, taya inamuacha. Ikiisha Idi, inarudia."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka! Si ni baraka ya mwezi?"

Nikampelekea Bwana Polepole habari hiyo mbio, naye akasema jibu ni rahisi: mchana mtu hatafuni, taya linapumzika. Nikarudi na jibu hilo kwa Mama Zaina. Mungu wangu, nilimuudhi!

"Hatafuni? Kwangu? Jua ikizama, banakula sambusa, banakula nyama, banakula chapati, mpaka daku! Unataka kusema mi nalaza bwana yangu njaa?"

Basi si chakula. Ni nini basi? Kesho yake ilikuwa siku yangu ya kupumzika. Nikaomba kigoda, nikakaa kwenye ile baraza tangu asubuhi, namtazama Fundi akifanya kazi. Alidhani nimekuja kuomba msamaha tena, akanipa mgongo. Nikahamisha kigoda.

Akashona pindo. Uzi ukafika mwisho. Hakunyoosha mkono popote: aliinamisha kichwa, akaushika uzi kwa magego ya kushoto, kah, akaukata. Pindo lingine, kah. Akataka kuvuta mshono unyooke. Akauma ncha ya uzi, mikono miwili ikavuta kitambaa, taya limekaza mpaka mshipa wa panja ukasimama. Kah. Kifungo, kah. Kufika adhuhuri nilikuwa nimepoteza hesabu.

"Fundi," nikasema, "mwezi ya kufunga unakataka uzi na nini?"

"Na makasi," akajibu bila kugeuka. "Uzi iko na rangi. Nikimeza ile rangi na mate, funga yangu inaharibika. Uzi haiingie mu kinywa mpaka Idi."

Kisha mguu wake ukasimama. Akageuka polepole sana. Tulitazamana: mwezi wa kufunga, na Ijumaa asiposhona, ndipo magego yake hayaumi uzi.

Mama Zaina alikuwa mlangoni, amesikia. Alipiga makofi mara moja, pa! "Ramazani! Makasi iko pale miaka yote!" Akaingia ndani, akatoka na mkasi umefungwa kwenye utepe, akamvisha mumewe shingoni. "Tangu leo, uzi ni kama mwezi ya kufunga. Mpaka nitakapokufa."

Mazoea ya miaka ishirini hayaachwi kwa siku moja. Mkono wake ulikuwa unapanda na uzi kwenda kinywani wenyewe, bila yeye kujua. Mama Zaina akaanza kukohoa kila akiuona unapanda. Akitoka kwenda sokoni, alimwachia kazi hiyo mteja aliyekuwepo. Majuma matatu baadaye mtaa mzima ulijua. Ukipita pale ulisikia watu wazima wamekaa wanakohoa, kha, kha, na Fundi anafoka: "Nimeona! Nimeona! Muniache!" na anashika mkasi. Mgeni angedhani pale wanatibu kifua kikuu.

Mvua ya mwisho ilinyesha, vumbi jekundu likarudi barabarani, na siku ya daktari ikafika. Tulikaa watatu kwenye benchi la hospitali kubwa tangu saa moja asubuhi: Fundi, mke wake, na mimi kwa amri ya Bwana Polepole. Fundi hakuwa amelala usiku kucha kwa woga. Nyumbani mbele ya kioo alikuwa anafika vidole vitatu, lakini asubuhi ile alikataa kujaribu. Alisema akijaribu na kikikataa, miguu haitamfikisha. Alishika kofia mkono mmoja, ile karatasi ya kupasuliwa mkono wa pili. Saa nne ikafika, hatujaitwa. Jua lilikuwa linatupiga magotini.

Na hapo Fundi Ramazani akapiga mwayo.

Si mwayo mdogo. Ulimpanda kutoka tumboni, kichwa kikarudi nyuma, kinywa kikafunguka, kikafunguka, kikaendelea kufunguka. Mikono yote miwili imeshika vitu. Hakuna ngumi chini ya kidevu. Mama Zaina akaninyaka mkono, kucha zikaingia. Mimi nilikuwa nimeshatoa kitambaa mfukoni nizungushie vidole gumba. Kisha kinywa kikafunga. Chenyewe. Sawa, katikati, bila sauti. Fundi akabaki macho wazi, kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Mama Zaina," akasema, "umeona?"

"Nimeona mpaka koo!" akapiga kelele mke, na benchi zima likageuka. Akaanza kucheka na kulia pamoja, akimpiga mumewe begani kwa kiganja. Mimi nilirudisha kitambaa mfukoni.

Daktari alipotuita, Fundi hakungoja kuulizwa. Aliingiza vidole vitatu kinywani, vimesimama. Daktari akaweka vidole vyake mbele ya masikio ya Fundi, akasema fungua, funga, fungua, funga. Akachukua ile karatasi, akaipiga mstari kutoka kona hadi kona, akasema "Nenda nyumbani." Akanitazama na mimi, safari hii kwa muda mfupi zaidi.

Nje, Fundi alivaa kofia yake, akanyoosha kiganja mbele yangu.

"Sasa, Ilunga. Leta jino yangu."

Nilijua atauliza. Kile kisanduku sikukiacha nyumbani hata siku moja. Nikampa. Alilitoa jino, akaliangalia juani pande zote, lilikuwa bado jeupe. Akachana kipande cha kitambaa cha marekani alichokuwa nacho mfukoni, akalifunga vizuri kama fundi, fundo dogo. Kwao kitu cha mwili hakitupwi, kinazikwa.

"Nitalizika leo nyuma ya nyumba," akasema. Akanishika bega. "Imekwisha, Ilunga. Na suruali yako ile, kiuno imekuwa kubwa. Naona weye pia haukukula. Ilete, niipunguze."

Walikwenda zao wawili wakitembea pamoja, na nilimsikia Mama Zaina mpaka kona, akimwambia kila waliyepishana naye kwamba bwana yake amepiga mwayo. Nikarudi kazini. Haikuwa siku ya Bwana Polepole, chumba kilikuwa changu. Kitini alikuwa ameshakaa mama mmoja, ameshika shavu, na kabla sijanawa mikono akanionyesha kwa kidole: "Munganga, hii njo inaniluma. Ng'oa."

Koleo zilikuwa mezani, zimechemshwa. Niliziacha hapo hapo. Nikaweka vidole viwili mbele ya masikio yake.

"Fungua kinywa, mama," nikasema. "Polepole."